Mwimbaji wa Recho

Mdogo wangu Castory ndiye mwanaume aliyeachwa kuliko wote katika mkoa huu wa Kigoma. Ameachwa kila Jumamosi kwa miaka ishirini na moja, mbele za watu, na maiki mkononi, ndani ya suti niliyomshonea mimi. Kama umewahi kuhudhuria sendofu Mwanga, Katubuka, Kasingirima au Ujiji, umemsikia. Na kama wewe hukulia, mama yako alilia.

Mimi ni Skolastika, fundi cherehani. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Mwanga, jirani na wauza vitenge. Watu wakija kupima nguo hawakosi kuuliza, "Eti ni kweli wewe ni dada yake Castory? Masikini, yule kaka ana moyo!" Najibu "Ego," ndiyo ya Kiha, nauma pini zangu, naendelea na kazi. Nikifungua mdomo yatatoka mengine.

Kwetu siku hizi sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, ina utaratibu wake. Bibi harusi anakaa mbele, shangazi yake kamshika mkono wa kulia. Upande wa bwana harusi wanakuja kumpokea, wanacheza, wanatunza kwa noti, lakini shangazi hauachii ule mkono mpaka mama mzazi alie. Sijui nani alianzisha. Bibi yangu hakuolewa hivyo. Lakini sasa ndiyo sheria: mama asipolia watasema hakumpenda mtoto, au kamtoa kwa kinyongo, na ndoa inaanza na maneno. Na kina mama wenyewe wamehangaika na vikao vya kamati miezi mitatu, miguu imevimba, wanachotaka ni kukaa na soda. Machozi wayatoe wapi? Ndipo anapoitwa Castory.

Anasimama katikati ya ukumbi, anainamisha kichwa, na Hamdani, mpiga kinanda wake tangu siku ya kwanza, anaanza kugusa zile sauti za chini. Castory anaimba: *Recho rudi, mtoto anauliza, jioni nimjibu nini.* Mstari wa pili haufiki, mama kashavua kilemba anajifutia uso. Shangazi anauachia mkono. Vigelegele. Watu wanakwenda kula.

Sasa kuna bwana mmoja anaitwa Adolf, ana kipindi cha muziki redioni Jumapili mchana. Huyo alikuwa hampendi mdogo wangu hata kwa dawa. Alisema, nami nilisikia kwa masikio yangu nikiwa napiga pasi, "Castory si mwanamuziki, ni kitunguu. Watu wanalia, ndiyo, lakini nani aliwahi kukisifia kitunguu kwa kipaji?" Loo! Nilitoka kibandani vilevile nilivyo, nikapanda bodaboda mpaka mlangoni pa redio. Mlinzi alikataa kunifungulia. Nikamtukana, na yeye akanijibu kwa heshima, "Mama, weka kwanza mkasi chini tuongee." Kumbe mkasi wa kukatia suti nilikuwa nao mkononi njia nzima.

Niligombana kwa ajili yake, ndiyo. Ni mdogo wangu. Lakini ukweli wa ule wimbo niliujua, na Adolf angeujua angesema makubwa zaidi.

Recho hakumkimbia mtu.

Recho ni wifi yangu, wa familia ya Ininahazwe, watu waliotoka Burundi miaka mingi nyuma. Mama yake alikuwa bado yuko kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Mwaka ule mama akaugua, Recho akaenda kumuuguza. Akamwacha Lyse, binti yao wa miaka minne, kwangu. Castory alimwambia, "Nipe mwezi mmoja, nitakuja kukuchukua." Mwezi ukapita. Castory akamkumbuka mkewe, akatunga kiwimbo cha kumwita. Hapo hakukuwa na uongo wowote. Hata mimi nilimwambia kizuri. Akakiimba kwenye sendofu ya binti wa jirani, na yule mama, mwanamke mkavu ajabu, akalia mpaka akashikwa na watu wawili. Jumamosi iliyofuata akaitwa kwingine. Ikafuata nyingine, na nyingine. Watu wakaanza kuulizana, "Huyo Recho kamkimbia kweli?" Castory hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliinamisha kichwa. Nao wakajijibu wenyewe.

Recho akamtumia salamu kwa watu wa basi: mama kapata nafuu, njoo unichukue. Castory akasema wiki ijayo. Wiki ijayo alikuwa na sendofu mbili.

Basi Recho akaja mwenyewe. Alishuka stendi na begi lake kichwani, akapita sokoni Mwanga, na wauza nyanya wakamwimbia. Mmoja alisimama kabisa: "Recho huyo! Malaya wewe, umemwacha mume na mtoto!" Alifika nyumbani, begi bado kichwani. Castory alimkumbatia, alilia, naapa alilia kwa furaha. Halafu akamwambia, "Mke wangu, kwa sasa usitoke nje. Hasa Jumamosi. Watu wakikuona umerudi kwangu, mimi nitaimba nini?"

Wiki tatu Recho alikaa ndani. Jumamosi tulimfungia kwa nje ili wanaopita wadhani hamna mtu. Nasema tulimfungia kwa sababu kufuli lilikuwa langu, la kibandani, na funguo nilikaa nayo mimi shingoni. Nilijiambia ni kwa muda tu. Nilikuwa nimepata wateja wa suti kupitia Castory, na nilikuwa napenda kuitwa dada wa mwimbaji. Haya, nimesema.

Jumamosi ya tatu niliporudi kufungua, Recho alikuwa amekaa kwenye kiti, begi miguuni. Hakupiga kelele. Alisema, "Wifi, nilikuja kwa miguu yangu, nimefungiwa kwa kufuli. Mtoto anaanza chekechea Jumatatu, nitunzie. Mimi naondoka, sasa wimbo wake uwe wa kweli." Akaenda Kibirizi, akapanda boti la kwenda Mwamgongo, na huko yuko mpaka leo, anaanika dagaa. Likizo zote nilimpelekea Lyse. Kwenye maboti wanapiga *Recho Rudi* kutwa, kwa hiyo Recho akisafiri hukaa nyuma kabisa karibu na injini ili asisikie.

Na Castory? Mnadhani alifaidi? Alipotunga nyimbo mpya, na alizitunga, nyingine nzuri kuliko ile, watu walimwacha amalize kwa adabu kisha wakaita, "Recho! Recho!" Alipojaribu kuwa na mwanamke, dada mmoja mpole anaitwa Yunisi, walionekana wanakula chipsi mjini, na kabla ya Ijumaa familia mbili zilikuwa zimemfuta. "Mwanaume mwenyewe ana mtu," walisema, "atamliza mama vipi?" Yunisi akaondoka zake. Castory akarudi kulala peke yake katika nyumba ileile, chumba kilekile. Amenenepa, nywele zimeanza kutoka, na Jumamosi asubuhi huwa anatapika kabla ya kuvaa. Mke wa jirani anafikiri ni pombe. Mdogo wangu hanywi.

Sasa mwaka huu Lyse akachumbiwa. Kijana anaitwa Thobias, mwalimu, mtu wa watu. Lyse akaja kibandani, akafunga mlango, akakaa juu ya marobota ya vitambaa kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Shangazi, nimetoka Mwamgongo. Mama atakuja."

Nilishusha mkasi. Miaka ishirini na moja Recho hajaukanyaga mji huu mchana.

"Ila kasema jambo moja. Ule wimbo usiimbwe. Ukianza tu, anaondoka, na hatanipa baraka mbele ya watu ambao..." Akanishika mkono. "Shangazi, mimi nataka mama yangu akae mbele. Siku moja tu akae mbele kama mama za wenzangu. Niapie."

Nikamwapia. Nikamwita Castory, naye akaapa, na aliapa kwa raha kabisa, mtu kama aliyefunguliwa kamba. "Dada, nishonee suti ya kijivu. Nikae kama baba. Nikae tu, nishike glasi, nisisimame." Nilimshonea ya kijivu isiyong'aa. Mshereheshaji, Jeremia, nilimweka chini nikamwonya: mama mzazi amtambulishe kama Mama Lyse, basi. Hamdani naye nikamwambia apige nyimbo za kanisani au chochote kile, lakini ile asiiguse. Akasema, "Dada Skola, nimekuwa mtoto?"

Siku yenyewe, ukumbi wa Katubuka, saa tisa alasiri. Nilimpokea Recho mwenyewe mlangoni. Alivaa kitenge cha bluu, mikono yake imekauka kwa chumvi na jua. Nilimwambia, "Karibu wifi." Akanitazama shingoni, pale ilipokuwa inakaa funguo. "Asante," akasema, akapita.

Hajafika hata kwenye kiti. Mama mmoja meza ya tatu, sijui alimjuaje, alisimama akapiga kigelegele kirefu. "Recho karudi! Jamani, Recho karudi kwa mumewe!"

Ukumbi mzima ukasimama. Mngeona nyuso zao! Hawakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Walikuwa wamefurahi. Watu walikumbatiana. Kina mama waliolilia ule wimbo kwenye sendofu zao, kwenye za mabinti zao, waliona kama Mungu kawajibu. Simu zikapanda juu kurekodi. Recho alikaa. Lyse alimshika mama yake goti. Mimi nikamshika Lyse mkono wa kulia, kama inavyotakiwa, na upande wa Thobias wakaanza kuja wanacheza.

Wakafika. Wakatunza. Nyimbo za kanisa zikapigwa tatu. Recho hakulia. Alikaa wima, macho mbele, kama mtu anayengoja boti. Nami ule mkono siwezi kuuachia, watu wote wananiangalia. Jeremia akasema utani, haukuchekesha. Jasho likaanza kunitoka viganjani, la kwangu na la Lyse pamoja.

Ndipo wakaanza. "Cas-to-ry! Cas-to-ry!" Wanapiga meza. Castory alitikisa kichwa, akashika glasi yake. Wakaona anaona aibu, wakazidi. Halafu yule mama wa meza ya tatu, Mungu anisamehe, akaanzisha yeye mwenyewe: *Recho rudi...* Na ukumbi ukapokea. Watu mia tatu wanaimba, wanaijua yote, mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Lyse akasema "Mama," na Recho alikuwa ameshashika mkoba wake.

Castory akasimama. Alimnyang'anya Jeremia maiki. Wimbo ukakatika.

"Jamani nisikilizeni. Leo siimbi."

"Eeeh!" wakaitikia.

"Recho hakunikimbia. Alikwenda kumuuguza mama yake. Aliniita nikamchukue, sikwenda. Nilikuwa nawaimbia nyinyi."

Alisema makavu, bila pambo, kama mtu anayetoa maelezo polisi. Jicho lake halikuwa na unyevu hata kidogo. Sijawahi kumheshimu mdogo wangu kama dakika ile. Nikaona Recho ameghairi kusimama, anamtazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote, anamtazama usoni.

Na hapo, chini ya maneno yake, kinanda kikaanza.

Hamdani! Hakukusudia. Mpaka leo analia akikumbuka. Miaka ishirini na moja, Castory akishika maiki na kuongea kwa huzuni, Hamdani huweka zile sauti za chini, polepole, ili maneno yapate pa kulala. Vidole vilikwenda vyenyewe. Alikuwa amefumba macho.

"Aliporudi nilimfungia ndani," Castory akasema, "ili msijue."

"Yesu wangu!" akalia mama mmoja. Na machozi yakaanza. Yule wa meza ya tatu alikuja mbio, akambandika noti kwenye paji la uso. Nyuma yake wengine. Wanamzunguka, wanalia, wanamtunza, noti zinaanguka begani kwenye ile suti ya kijivu.

"Hamdani, acha! Siimbi mimi! Nasema kweli!"

"Siimbi mimi!" wakaitikia wote kwa pamoja, mikono juu. Wakadhani ni kiitikio.

"Mimi ndiye niliyemfukuza!"

"Mimi ndiye!"

Castory aligeuka akanitafuta kwa macho. Alikuwa hivi, na noti imemfunika jicho moja, anafungua mdomo na kuufunga. Kila alichosema walikipenda. Angewatukana wangemtunza.

Recho alisimama. Mkoba aliuacha kwenye kiti. Alimshika Lyse kichwa kwa mikono yote miwili, akamsemea sikioni kwa Kirundi, maneno mengi, taratibu, kelele zote zile zikiendelea. Kisha akanigeukia.

"Wifi, mwachie mtoto mkono."

"Hujalia," nikasema, mjinga mimi. Ndilo lililonitoka.

"Nililia humo mlimonifungia. Mwachie."

Nikauachia. Hakuna aliyeona, walikuwa wanamwangalia Castory. Recho akachukua mkoba, akatoka kwa mlango wa jikoni, akawahi boti la jioni. Lyse alikwenda kwa Thobias na uso wa kawaida kabisa. Castory alikuwa bado katikati ya watu.

Mnajua kilichofuata. Zile simu hazikurekodi bure. Jumatatu kila mtu alikuwa na ile video, Kigoma, Kasulu, ng'ambo ya ziwa. Wakaipa na jina: *Maungamo*. Na Jumapili iliyofuata, nikiwa napiga pasi, nikamsikia Adolf. Aliupiga wote kwanza. Halafu akasema, "Wasikilizaji, nimekuwa nikimwita mtu huyu kitunguu. Naomba radhi. Mtungo huu ni wa msanii mkubwa. Ule mchezo wa kusema 'siimbi' huku wimbo ukiendelea, sijawahi kuusikia popote." Nilizima redio, nikaikuta pasi imetoboa suruali ya mtu.

Simu za Castory hazikatiki. Wanamtaka kwa sendofu mpaka mwakani, na wote wanauliza kitu kimoja: "Na ile ya maungamo utaisema?" Wiki ya kwanza alizima simu. Ya pili akaiwasha.

Juzi Recho alinipigia kutoka Mwamgongo. Hakulaumu. Alisema boti zimebadilisha, sasa zinapiga ile mpya. "Nimemsikia, wifi. Kile alichokisema ni kweli, na sasa kila mtu anakijua, na hakuna anayekiamini. Mwambie jambo moja tu. Aseme atakavyo, lakini atoe jina langu. Nataka kukaa popote kwenye boti, basi."

Nikamfikishia Castory. Jana alikuja kibandani kupima suti, ya kung'aa, kwa ajili ya Jumamosi. Alisimama mbele ya kioo, akafumba macho, akaijaribu kwa sauti ya chini. "Mke wangu hakunikimbia..." Akatikisa kichwa. "Yeye hakunikimbia... Mama Lyse hakunikimbia..." Akarudia mara tano, mara sita, anahesabu kwa vidole juu ya paja. Halafu akasema kwa jina, "Recho hakunikimbia," na hapohapo, mahali palepale anapovutaga pumzi siku zote, sauti ikamkatika na machozi yakamtoka, mazuri, mawili.

Alifungua macho akaniona kwenye kioo.

"Haiingii, dada," akasema. "Bila jina haiingii."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikamwambia kwa ishara ainue mkono, akainua, nikampima.